"Bakteria ++" kwenye majibu ya choo: kipimo kimeona nini hasa?

Mtu anaharisha siku ya pili. Anapita kliniki ndogo iliyo karibu na kituo cha matatu, iwe Busia, Kasese au Arua hapa Uganda, na musawo (mhudumu wa afya) anamwambia apime choo. Baada ya dakika ishirini anapewa karatasi: chembe za usaha +, bakteria ++, mayai ya minyoo hayakuonekana. Anatoka na sipro (siprofloksasini, antibayotiki) na flajili (metronidazoli) mkononi, akiamini bakteria wake wameshakamatwa.

Hawajakamatwa. Mstari huo wa "bakteria ++" hausemi lolote. Gramu moja ya kinyesi cha mtu mzima asiye na ugonjwa wowote hubeba bakteria wanaokaribia bilioni mia. Kuripoti kwamba wameonekana ni sawa na kutumwa mwaloni ukarudi na habari kwamba umeona samaki. Tunachotaka kujua ni samaki gani, na hadubini peke yake haiwezi kutuambia. Shigella anayetoboa utumbo na E. coli mpole anayeishi tumboni mwetu tangu utotoni wote huonekana kama vijiti vidogo, vyenye ukubwa mmoja na rangi moja.

Shida inaanzia kwenye jina. "Kipimo cha choo" si kipimo kimoja. Chini ya jina hilo kuna kutazama sampuli kwa hadubini, kuotesha bakteria kwenye sahani, vipimo vya haraka vya kijiti na kipimo cha vinasaba kiitwacho PCR. Kila kimoja hutafuta kitu chake na kukosa kingine. Wapo pia wanaopimwa antijeni ya H. pylori kwenye choo, kile cha "vidonda vya tumbo", wakadhani wamepimwa sababu ya kuhara. Kipimo hicho hakihusiani na kuhara hata kidogo.

Hadubini inafaa kwa nini

Kwanza mtaalamu huitazama sampuli kwa macho, na hatua hii mara nyingi hupuuzwa ingawa ina faida kubwa. Choo cha maji meupe kama maji yaliyooshewa mchele kinaelekeza kwenye kipindupindu. Chenye damu na kamasi, kinachotoka kidogo kidogo kwa kukamua, kinaelekeza kwenye kuhara damu, hasa kwa Shigella. Choo kilichoshikamana vizuri hakipaswi kuoteshwa kwa mtu anayesema anaharisha. Maabara makini hukirudisha na kuomba kingine, kwa kuwa kipimo hakitaleta jibu lenye faida.

Kisha tone la sampuli huchanganywa na tone la maji ya chumvi (gramu 8.5 za chumvi kwa lita) upande mmoja wa kioo, na tone la iodini upande wa pili. Hufunikwa na kutazamwa kwa lenzi ya 10, halafu ya 40. Hapa wanatafutwa vimelea: Giardia, amiba, mayai ya minyoo. Amiba hai anayetembea hufa upesi, hivyo choo cha majimaji kitazamwe ndani ya nusu saa. Akikutwa amiba mwenye chembe nyekundu za damu tumboni mwake, hilo ni jibu la maana. Lakini chembe za usaha zilizovimba, na chembe kubwa za kinga zinazojisogeza, zimeitwa amiba mara nyingi sana na watu waliokuwa na haraka. Ndiyo sababu mojawapo flajili hutolewa kuliko inavyostahili.

Chembe za usaha zina faida moja. Zikiwa nyingi, zinaonyesha kwamba ukuta wa utumbo umeshambuliwa, jambo linaloelekea zaidi kwa Shigella au Campylobacter kuliko kwa kipindupindu au virusi. Huo ni mwelekeo tu. Mshambuliaji hajatajwa jina.

Nani hasa aoteshewe choo

Watu wengi wanaoharisha hawahitaji kupimwa bakteria. Kwa watoto wadogo virusi huchangia sehemu kubwa, rotavirusi akiwa mbele. Uganda ilianza kutoa chanjo yake katika ratiba ya kawaida mwaka 2018. Kinachomwokoa mtoto ni maji na chumvi zinazorudishwa mwilini: paketi moja ya ORS kwa lita moja kamili ya maji salama, si kwa kikombe, pamoja na zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14 (miligramu 10 kwa mtoto wa chini ya miezi sita). Matibabu hayo hayabadiliki kwa sababu ya jibu la maabara, wala hayapaswi kulisubiri.

Kuotesha kuna maana pale choo kina damu, pale homa ni kali, pale kuhara kumepita wiki mbili, kwa mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka, au watu kadhaa wanapougua pamoja baada ya kula au kunywa mahali pamoja. Na kuna maana kubwa zaidi pale kipindupindu kinaposhukiwa, hasa katika maeneo yanayokijua vizuri: mialo ya Ziwa Albert kuanzia Hoima hadi Buliisa, Kasese, na ukanda wa mpakani na Kongo kwa ujumla. Mlipuko wa mwaka 2018 uliowapata wakimbizi waliovuka ziwa na kuingia Hoima ulionyesha jinsi siku chache zinavyotosha kuleta maafa.

Mgonjwa aliyelazwa kwa sababu nyingine na kuanza kuhara baada ya siku tatu wodini ni suala jingine. Bakteria wa kuhara kama Salmonella na Shigella ni nadra kwake, na kumwotesha ni kupoteza sahani. Hapo daktari afikirie zaidi dawa alizopewa, na bakteria Clostridioides difficile anayechochewa na antibayotiki.

Sampuli inaanza kufa ikishatoka mwilini

Makosa mengi ya kipimo hiki hutokea kabla sampuli haijamfikia mtaalamu, kwa hiyo hapa tukae kidogo.

Chombo kiwe na mdomo mpana, kikavu, chenye kizibo kisichovuja. Kisiwe kimeoshwa kwa Jik wala dawa nyingine ya kuua wadudu, maana mabaki kidogo tu yanaua kile tunachokitafuta. Choo kisichotwe kwenye shimo la latrini, kwa kuwa humo mna bakteria wa udongo na wa watu wengine. Kisichanganyike na mkojo wala maji. Njia rahisi nyumbani ni kutandika kaveera (mfuko wa plastiki) safi juu ya beseni au poti, kujisaidia juu yake, kisha kuchota kwa kijiti au kijiko kilichokuja na chombo. Kinachohitajika ni kiasi cha kijiko cha chai, gramu 5 hivi, au mililita 5 za majimaji. Wanaojaza chombo hadi juu huleta matatizo: gesi hujikusanya, na kizibo kikifunguliwa kinaruka.

Chota sehemu yenye kamasi au damu. Shigella hukaa huko, kwenye vipande vya ukuta uliojeruhiwa. Kuchota sehemu safi kwa sababu ya aibu ni kumwacha nyuma yule tunayemsaka.

Sampuli ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya antibayotiki. Kwa hali halisi ya miji yetu hili ndilo linalovunjwa zaidi, kwa kuwa wagonjwa wengi tunaowapokea wameshapita duka la dawa. Vidonge viwili vya sipro vinaweza kuwazima bakteria wasiote kwenye sahani huku mgonjwa akiwa hajapona. Kama ameshameza, iandikwe kwenye fomu ni dawa gani na lini, ili jibu la "hakuna kilichoota" lisomwe kwa tahadhari.

Kisha saa inaanza kuhesabu. Ndani ya choo kilichokaa kwenye joto, bakteria wa kawaida huendelea kula sukari na kutoa tindikali. Shigella hawezi kuvumilia tindikali hiyo. Baada ya saa chache anaweza kuwa amekufa wakati E. coli wameongezeka maradufu mara kadhaa. Ndiyo maana kanuni ni saa mbili kutoka chooni hadi kwenye sahani. Ikishindikana, swabu (kijiti chenye pamba nchani) ichovywe kwenye choo na kuzamishwa ndani ya Cary-Blair. Hiyo ni jeli laini yenye pH ya 8.4 na lishe kidogo sana, imetengenezwa makusudi ili bakteria wabaki hai bila kuzaliana. Swabu isukumwe mpaka chini, mpini wake uvunjwe, kizibo kikazwe. Ikiishia juu ya jeli inakauka, na kazi yote imekwisha.

Swabu ya Shigella na Salmonella ndani ya Cary-Blair hukaa kwenye baridi ya nyuzi 4 na ifike maabara ndani ya siku mbili. Kipindupindu ni kinyume chake. Vibrio, bakteria wake, huumizwa na baridi, hasa akiwa kwenye choo kisichotiwa kwenye Cary-Blair, lakini ndani ya jeli hiyo hustahimili joto la kawaida kwa siku nyingi. Kwa hiyo mtu wa kituo cha afya akitupa kila kitu kwenye kibebeo chenye barafu kwa nia njema, anaweza kumlinda Shigella na kumwua Vibrio. Pale ambapo hakuna Cary-Blair kabisa, kipande cha karatasi ya kichujio kilichochovywa kwenye choo cha kipindupindu na kuwekwa kwenye kichupa na matone mawili matatu ya maji ya chumvi kinaweza kusafiri bila baridi. Kikubwa kisikauke.

Mtoto asiyeweza kutoa choo kwa wakati huchukuliwa swabu ya njia ya haja kubwa: pamba inalowanishwa kwa maji ya chumvi, inaingizwa sentimeta 1 hadi 2 (kwa mtu mzima 2 hadi 3), inazungushwa taratibu. Ikitoka nyeupe, haijachukua kitu na irudiwe. Swabu isiyo na rangi ya choo ni sampuli ya ngozi.

Kwa wilaya nyingi safari haina budi. Vituo vya afya ngazi ya tatu vina hadubini, lakini kuotesha kwa kawaida hupatikana hospitali za rufaa za mikoa kama Mbale, Arua, Gulu, Mbarara na Fort Portal, na katika maabara kuu ya afya ya umma iliyoko Butabika, Kampala. Sampuli hupanda pikipiki za mtandao wa usafirishaji kutoka kituo hadi kitovu, kisha mbele. Mtandao huo umesaidia mno, hasa kwa sampuli za Ukimwi na kifua kikuu. Lakini sampuli ya damu iliyokaushwa kwenye kadi husubiri. Choo kibichi hakisubiri.

Siku nne za sahani

Kuotesha ni kazi ya kuchuja. Ndani ya umati wa bakteria tunatafuta wachache, na njia ni kuwapa chakula kinachowakera wengi na kuwapendeza wachache.

Siku ya kwanza sampuli hupakwa kwenye agari (jeli ya kuoteshea bakteria) za aina mbili, MacConkey na XLD. Ujuzi wa kupaka ni wa mkono: sindano yenye kitanzi huchomwa, hupozwa, na mstari huvutwa katika sehemu nne za sahani, kila sehemu ikibeba kidogo kutoka iliyotangulia, mpaka mwisho kila bakteria asimame peke yake. Anayepaka yote kwa mpigo mmoja hupata zulia la bakteria lisilosomeka. Kiasi kingine hutiwa kwenye mchuzi wa selenaiti ili kuwapa Salmonella nafasi ya kuongezeka usiku kucha, kisha nao hupakwa kwenye XLD kesho yake. Sahani hukaa kwenye inkubeta (kabati la joto) ya nyuzi 35 hadi 37 kwa saa 18 hadi 24.

Midia yenyewe, yaani hizo agari na mchuzi, ina makosa yake. XLD haiingii kwenye autoklevu (chungu cha mvuke wa shinikizo cha kuua vijidudu): huchemshwa tu mpaka iyeyuke, ikapoe kidogo, imiminwe. Ikichemshwa kupita kiasi hufanya mashapo na kupoteza makali. Maji yasiyo safi, unga uliokwisha muda, sahani zilizokaa hadi kukauka pembeni: yote haya hutoa jibu la uongo bila kelele. Na umeme ukikatika usiku, inkubeta ikashuka hadi nyuzi 25 bila mtu kuandika, asubuhi sahani tupu inaitwa "hakuna kilichoota". Maabara inayojiheshimu huotesha bakteria wa kujaribia pembeni, kwa mfano E. coli ATCC 25922. Huyo asipoonekana ipasavyo, majibu ya siku hiyo hayatolewi.

Siku ya pili sahani husomwa. Kwenye MacConkey, E. coli wa kawaida hula laktosi na kugeuka waridi. Shigella na Salmonella hubaki bila rangi. Kwenye XLD, wanaochachua sukari huwa njano, Shigella hubaki mwekundu, na Salmonella huwa mwekundu mwenye kitovu cheusi. Hapa pana mtego unaoitwa Proteus. Yeye pia hutoa weusi huo, na aliyeshindwa kumtofautisha ameandika "Salmonella" kwenye karatasi za watu wengi. Njia ya kumtoa ni rahisi: kipimo cha yurea. Proteus hukigeuza waridi ndani ya saa chache, Salmonella na Shigella hawakigusi.

Wanaoshukiwa huhamishiwa kwenye mirija ya kuwatambua: TSI au KIA (agari yenye sukari iliyogandishwa kwa mteremko ndani ya mrija), sitreti, indoli, mwendo. Siku ya tatu husomwa. Shigella huacha mteremko wa juu mwekundu na chini njano, bila gesi, bila weusi, na hatembei. Salmonella wengi hutoa gesi na weusi. Salmonella Typhi hana gesi na hutoa weusi kidogo tu, kama ukucha uliochorwa kwa wino. Jambo dogo linaloharibu kipimo hiki: kizibo kikikazwa sana hewa haiingii, na mteremko haugeuki mwekundu inavyotakiwa. Kusoma kabla ya saa 18 au kuchelewa baada ya saa 24 nako hupotosha.

Mwisho huja kingamwili za maabara zinazomshika bakteria na kumfanya agande kwenye kioo. Kwa Shigella tunapata kundi: dysenteriae, flexneri, boydii au sonnei. Kabla ya kuamini mgando, bakteria hujaribiwa kwanza na maji ya chumvi tu. Akiganda humo pia, mgando wa kingamwili haumaanishi kitu.

Kwa hiyo aliyepeleka choo Jumatatu asitegemee jibu kamili kabla ya Alhamisi. Anayepewa jibu la "kalcha" (kuotesha) ya choo ndani ya saa sita ana haki ya kuuliza nini kilichooteshwa.

Kipindupindu kina njia yake

Vibrio cholerae anapenda mazingira ya magadi, si ya tindikali. Choo huwekwa kwenye maji ya peptoni yenye pH ya 8.5 hivi, kwenye joto, kwa saa 6 hadi 8. Kwa muda huo yeye hukimbilia juu kutafuta hewa, wengine wakiwa bado wanajikokota. Mtaalamu huchota kutoka kwenye utando wa juu, bila kutikisa mrija. Kuutikisa ni kuharibu kazi ya saa sita. Akichelewa sana kuchota, bakteria wengine humfikia.

Kisha TCBS, agari ya kijani ambayo nayo haiingii autoklevu. Kesho yake Vibrio cholerae huonekana kama vidonge bapa vya njano vya milimeta 2 hadi 4, kwa kuwa hula sukrosi; Vibrio parahaemolyticus asiyeila hubaki kijani. Kabla ya kipimo cha oksidesi (kimeng'enya cha bakteria) ahamishiwe kwenye agari ya kawaida, maana tindikali ya TCBS hudanganya kipimo. Kitanzi cha nikromu nacho hudanganya, hivyo tumia kijiti cha mbao au plastiki. Zambarau ndani ya sekunde 10 ni chanya. Kipimo cha uzi ni cha kupendeza kukitazama: bakteria huchanganywa na tone la sodiamu deoksikoleti ya asilimia 0.5, na ndani ya dakika moja mchanganyiko hunata, kitanzi kikinyanyuliwa huvuta uzi kama bamia. Halafu kingamwili za O1 na O139, makundi yanayoleta milipuko, na ndani ya O1, aina ndogo za Ogawa au Inaba.

Kijiti cha haraka cha kipindupindu hujibu kwa takriban robo saa, na kinafaa mwaloni au kambini. Kazi yake ni kupiga kengele kwa jamii. Hakitumiki kuamua mgonjwa mmoja atibiwe au la: mwenye kuhara kwa maji mengi aliyekaukiwa hupewa maji mara moja, kijiti kiseme chanya au hasi. Chanya za kijiti huthibitishwa kwa kuotesha au PCR, na mlipuko ukishathibitishwa si kila mgonjwa anayehitaji kupimwa. Wachache wa kila wiki wanatosha kufuatilia kama bado ni yule yule na dawa bado zinafanya kazi.

Wale ambao kuotesha huwapita

Campylobacter husababisha kuhara sana kwa watoto wa vijijini wanaoishi na kuku, lakini hajitokezi kwenye sahani za kawaida. Anataka nyuzi 42, oksijeni asilimia 5 tu, kaboni dayoksaidi asilimia 10, agari yenye makaa, na saa 48 hadi 72. Oksijeni ya hewa ya kawaida humzuia kukua. Maabara isiyo na vifaa hivyo haimtafuti, na ukweli huo haupo kwenye karatasi ya majibu.

E. coli wa kuhara ni kitendawili kigumu zaidi. Anafanana na E. coli wa kawaida kwenye kila sahani, kwa sababu ni E. coli, tofauti iko kwenye vinasaba vya sumu vilivyofichika ndani. Jibu la "E. coli ameota" kutoka choo ni kama lile la "bakteria ++". Anayeweza kushukiwa kwa sahani ni O157, ambaye hali sukari iitwayo sobitoli na hubaki bila rangi kwenye agari maalumu, lakini wengine wanahitaji PCR. PCR nayo husoma vinasaba vya bakteria waliokwisha kufa na vya wanaopita tu tumboni bila kudhuru, hivyo mtoto anaweza kutoka na majina manne kwenye karatasi moja na daktari akabaki kuchagua.

Taifodi, Widal na kuchanganyikiwa

Kampala inakumbuka mlipuko wa taifodi wa mwaka 2015 uliohusishwa na maji machafu yaliyouzwa na kunywewa katikati ya mji. Tangu hapo, na hata kabla, neno "taifodi" limekuwa jina la kila homa yenye tumbo. Kipimo kinachotumika zaidi ni Widal, na Widal hutazama kingamwili za damu: mtu aliyeugua zamani au aliyewahi kukutana na Salmonella wengine anaweza kuwa chanya leo bila taifodi. Kipimo kimoja cha Widal cha kwenye kioo hakitoshi kumweka mtu kwenye dozi.

Kwa taifodi ya wiki ya kwanza, kuotesha damu ni bora kuliko choo: mililita 8 hadi 10 kwa mtu mzima, kabla ya antibayotiki. Choo huwa chanya zaidi kuanzia wiki ya pili na kuendelea. Kazi kubwa ya choo kwenye taifodi ni kumtafuta mbebaji, mtu mzima mwenye afya anayemwaga Salmonella Typhi bila kujua, na kwa hao sampuli moja haitoshi, kwa kuwa humwaga kwa vipindi.

Dawa gani itafanya kazi

Bakteria akitambuliwa, huchanganywa kwenye maji ya chumvi mpaka ukungu ufikie kiwango cha McFarland 0.5 (kipimo cha uzito wa ukungu), hupakwa kwenye agari ya Mueller-Hinton yenye kina cha milimeta 4, vidonge vya karatasi vyenye dawa huwekwa ndani ya dakika 15, na duara lisilo na bakteria hupimwa kwa milimeta baada ya saa 16 hadi 18. Agari ikiwa nene au ukungu ukiwa mzito, duara hupungua na dawa nzuri inaitwa mbovu. Ikiwa nyembamba, dawa mbovu inasifiwa.

Duara kubwa la gentamaisini kwa Salmonella au Shigella lisikudanganye. Kwenye sahani dawa inawaua. Ndani ya mwili wao wamejificha ndani ya chembe ambako haiwafikii, na kanuni za maabara zinakataza kuiripoti kuwa inafaa. Sipro nayo kwa Salmonella hupimwa kwa msaada wa kidonge cha pefloksasini, kwa sababu usugu wa kiwango cha chini hauonekani vizuri kwenye duara la sipro lenyewe. Na flajili, ambayo iko kwenye kila mfuko wa dawa za kuhara, haiwagusi Shigella, Salmonella wala Vibrio. Ni dawa ya amiba, Giardia na bakteria wasiopenda oksijeni.

Kusoma karatasi

Jibu zuri la kuotesha halisemi "hakuna bakteria". Linasema kwa mfano: "Salmonella na Shigella hawakuota, Campylobacter hakutafutwa, sampuli ilifika saa tano baada ya kuchukuliwa." Mgonjwa au ndugu anaweza kuuliza bila aibu ni nani waliotafutwa, sampuli ilichukuliwa saa ngapi, na kama ilikuwa kabla ya dawa.

Jibu chanya likija siku ya nne na mgonjwa ameshapona, hatua hutegemea jina. Salmonella asiye wa taifodi kwa mtu mzima mwenye afya aliyekwisha pona kwa kawaida hahitaji dawa. Antibayotiki zinaweza kurefusha muda wa kumbeba. O157 asipewe antibayotiki kabla daktari hajapima hatari ya figo. Shigella kwa anayeuza chakula sokoni anahitaji kukaa mbali na sufuria, kwa kuwa bakteria kumi hadi mia tu wanatosha kumwangusha mteja. Vibrio cholerae, awe ameonekana kwa kijiti tu, hupelekwa kwa ofisi ya afya ya wilaya siku hiyo hiyo, kabla ya saa 24 kupita, pamoja na jina la kijiji, chanzo cha maji anachotumia mgonjwa, na sampuli ya pili ndani ya Cary-Blair iliyowekwa nje ya barafu.